Nilipojipaka Asumini Yako

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kabla ya yote, na nusu yake umfikishie shemeji pamoja na pole ya kifua. Natumaini mko wazima, tanuri halijakuunguza tena mikono, na wanangu hao hawajaacha kusoma kwa sababu ya utundu. Sisi huku hatujambo. Mama anakula, anakohoa kidogo asubuhi, na macho yake yamebaki kuona mwanga wa dirisha tu, basi. Akili nayo siku hizi inakuja na kuondoka. Ikiwepo, anakutajia hata rangi ya uzi alioshonea mwaka uliozaliwa wewe. Isipokuwepo, ananiuliza kama nimeitia cherehani mafuta, na cherehani yenyewe tulishaigawa kwa jirani. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio ulionikalisha kuandika.

Najua utajiuliza barua ya nini wakati simu zipo. Unanijua, Dada. Kwenye simu nikifika penye ugumu nasingizia mtandao, nakata, halafu kesho yake napiga kuuliza habari za mikate. Barua angalau nikishaitia kwenye bahasha sina tena pa kukimbilia.

Tulipozungumza mara ya mwisho uliniuliza lile swali lako la siku zote, kama Mama amesema neno. Nikababaika, nikakuambia tutaongea. Swali nalifahamu na sharti lake nalifahamu. Ulishasema, na hujawahi kulegeza kamba, kwamba siku Mama atakapokuomba radhi kwa mdomo wake mwenyewe kwa yale ya harusi yako, utafunga duka la mikate na kupanda gari siku hiyo hiyo. Kabla ya hapo nisithubutu kukubembeleza. Na yeye kila nilipomgusia alikuwa anageuza mazungumzo, anauliza kama mvua imenyesha. Miaka yote hii nimekaa katikati yenu nikisubiri mmoja achoke kwanza. Sasa jibu lipo, ila ni refu, na limeanzia mahali pa ajabu kidogo. Limeanzia kwenye kliniki ya meno. Nivumilie.

Wewe ndiye uliyenipa jina la Pua tukiwa wadogo, na jina limenikaa. Bado ni yule yule wa kunusa kitabu kabla ya kukifungua na kunusa shuka kabla ya kulala. Nikipita mtaani nyuma ya mtu aliyejipaka kitu kizuri, naweza kupitiliza nyumbani kwa kumfuata, na siku moja nilimfuata bibi mmoja hadi mlangoni kwake, akageuka akaniuliza kama mimi ndiye fundi bomba. Watu wanasema manukato ni anasa. Sikatai. Lakini jua kwamba kliniki ya meno ina harufu yake, dawa imechanganyika na woga, na mtu anayekaa mapokezi kutwa nzima anahitaji kitu cha kumkumbusha kuwa duniani kuna maua. Basi kila asubuhi nilikuwa najipaka waridi langu shingoni na mikononi, nakaa kwenye meza yangu, napokea watu. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Hadi siku ile niliyokwenda kazini na chupa kubwa ya waridi, mpya, haijafunguliwa. Niliitia kwenye mkoba, nikautundika mkoba kwenye kiti ambacho mguu wake mmoja ni mfupi. Kliniki nzima inajua habari za kile kiti, na mimi najua, isipokuwa nikiwa na furaha. Kiti kikaenda chini, chupa ikapasuka. Nikapiga magoti kufuta kwa kitambaa, kumbe ndiyo kwanza naipaka sakafu yote. Feni ya darini ikamalizia kazi. Watu kwenye chumba cha kusubiri wakaanza kupiga chafya mmoja mmoja, kisha wote kwa pamoja. Na kule ndani kulikuwa na mzee mmoja kwenye kiti, mdomo wazi, daktari ameshalikamata jino kwa koleo, naye akapiga chafya moja tu, kubwa. Jino likatoka. Namshukuru Mungu lilikuwa ndilo lililotakiwa kutoka, lakini daktari alikuja mapokezi koleo bado liko mkononi. Akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza, kwamba pale watu wanakuja kung'olewa meno, hawaji kuposwa. Tangu hapo nimepigwa marufuku kujipaka chochote kazini. Wenzangu walicheka hadi wakashika mbavu. Mimi nilicheka pamoja nao, kisha nikaenda kulia chooni.

Labda na wewe unacheka. Cheka tu, lakini marufuku ile ndiyo iliyotufikisha hapa. Hujakaa na Mama tangu macho yalipomwisha, kwa hiyo acha nikueleze. Unakumbuka alivyokuwa akitushonea gauni kwa mabaki ya vitambaa vya wateja, kitambaa kimoja, mshono mmoja, na kipimo kimoja pia kwa sababu mimi niliwahi kurefuka? Tulikuwa tunanyang'anyana kila asubuhi hadi tunavuana. Alikataa kututilia alama, alisema alama inaharibu nguo. Akaweka pamba yenye asumini kwenye sanduku lako na pamba yenye waridi kwenye langu, akatuambia kila mtu anuse chake. Tukanusa, ugomvi ukaisha. Basi leo Mama hana macho, masikio yanapokea nusu ya unachosema, na sauti zetu sisi wawili hata watu wenye masikio mazima wanazichanganya kwenye simu. Kilichobaki kwake ni pua. Nikiingia na waridi langu ananiita kabla sijafungua mdomo. Nikiingia bila harufu ananyamaza, anasubiri kuambiwa ni nani.

Hilo sikulijua mpaka niliponyimwa waridi. Siku za kwanza nilirudi nyumbani mkavu, na Mama akawa ananipokea kwa adabu, ananiambia karibu, keti, wenyeji wa hapa watarudi sasa hivi. Nikatafuta ujanja. Pale kliniki tuna dawa ya kusukutua mdomo, ya mnanaa, na mtu mwenye shida akiinusa vizuri anaona si mbaya. Nikajipaka nyuma ya masikio wakati wa kutoka, nikijiambia kwamba daktari hawezi kunikataza dawa yake mwenyewe. Nilipomwinamia Mama kumbusu, akaegemea mto, akafumba macho, akafungua mdomo wazi, akisubiri nimkague meno. Nilicheka peke yangu. Kisha nikaona alivyoshikilia ukingo wa kitanda kwa woga, kicheko kikaniishia. Nikamwambia meno yake ni mazuri. Akanishukuru, akaniita daktari, akaniuliza kama ana ruhusa ya kufunga mdomo.

Siku yangu ya mapumziko ilipofika niliamka na nia moja tu, kujipaka waridi na kuitwa kwa jina langu. Waridi halikuwepo. Lote lilikwenda na ile sakafu ya kliniki. Nikapekua kabati la shuka, nikapekua droo, mwisho nikafungua sanduku lako la bati ambalo Mama hajaruhusu liguswe tangu uondoke. Mle chini, ndani ya soksi, nikakuta kichupa chako cha asumini. Imekuwa nzito na imepata rangi ya chai, lakini nilipoifungua nilikuona wewe mzima mzima umesimama chumbani. Nilijipaka kwa uroho, Dada. Naapa sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na hamu ya harufu, na nilikuwa nimekukumbuka. Nikachukua kikombe cha chai, nikaingia kwa Mama.

Alikuwa amekaa kitandani akikunja na kukunjua pindo la shuka, zile kazi ambazo vidole vyake havijakubali kuziacha. Vidole vikasimama. Akauliza, “Kifungo?”

Jina hilo, alilokubandika tangu ulipomeza kifungo cha koti la mteja, lilikuwa halijatajwa ndani ya nyumba hii tangu ulipotoka na begi lako. Nilitakiwa kumwambia hapana Mama, ni Pua. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini alikuwa ameshanyoosha mikono yote miwili, na uso wake ulikuwa umefunguka kwa furaha ambayo mimi, ninayemwogesha na kumlisha na kumkata kucha, sijawahi kuletewa. Nikaweka kikombe chini, nikaenda. Akanishika mashavu, akanipapasa paji la uso, akaanza kulia bila sauti. Nitakuambia ukweli ulivyo: kabla sijamhurumia niliona wivu. Nilikuwa ndani ya mikono yake, na nilikuonea wivu wewe uliye mbali.

Kisha akaanza kuzungumza, na akili yake siku hiyo ilikuwa nyumbani yote. Alisema gauni lako la harusi alilishona. Wewe, mimi, shemeji na mtaa mzima tunajua alikataa. Tulimsikia akisema hatatia uzi kwenye sindano kwa ajili ya mwanamume wa kukanda unga, ukaolewa na gauni la kuazima lililokubana makwapani, na kiti chake pale mbele kikabaki kitupu hadi watu wakaweka mikoba juu yake. Kumbe alilishona. Alilishona tulipokuwa tumetoka, wewe na mimi, na tukirudi analisukuma chini ya godoro. Hakuhitaji kukupima, alisema, maana vipimo vyako viko vidoleni mwake. Siku yenyewe alilipiga pasi, akakaa nalo mapajani, akingoja mtu mmoja aje ambembeleze, ili apate sababu ya kusimama. Hakuja mtu. Tulikuwa tumembembeleza hadi tumechoka. Akakaa hivyo hivyo akisikiliza magari ya harusi yakipiga honi yakipita, na hata honi zilipokwisha hakuinuka.

Baadaye alilifumua kiunoni, akalipunguza, akampa mteja mmoja kwa ajili ya binti yake. Siku binti yule alipolivaa alipita nalo mbele ya dirisha letu, na Mama akamwona, amependeza. Aliniambia alirudi ndani akatapika. Yote hayo aliyasema amenishika uso kwa mikono miwili, kwa hiyo sikuweza hata kuinamisha kichwa. Halafu akalisema lile neno, kwa mdomo wake mwenyewe, kama ulivyotaka:

“Nilikukosea, mwanangu. Gauni nilikuwa nalo mkononi, na sikusimama. Nisamehe.”

 Nilijua kabisa, Dada, sitakudanganya kwamba nilichanganyikiwa, nilijua kwamba neno lile halikuwa langu kulipokea. Nikafikiria kutoka nje, nikupigie, nimwekee simu sikioni. Lakini mikono yake ilikuwa imeanza kulegea kwenye mashavu yangu, na akauliza tena kwa sauti ndogo, “Umenisamehe?”

Nikamjibu, “Nimekusamehe, Mama. Zamani sana.”

Alikunywa chai yote, akaomba nyingine, akaomba na kitu cha kutafuna. Kisha akanionya nisimwambie Pua habari hizi, kwa sababu Pua ataanza kulia, halafu itabidi yeye ambembeleze, na hana tena nguvu za kubembeleza watu wawili kwa siku moja. Akasema mdogo wangu anamtunza vizuri sana, hana neno naye, ila anamhurumia mno, asubuhi pole Mama, mchana pole Mama, mpaka mtu anajisikia kama amegongwa na gari. Nikakaa pale nikisikiliza nikisengenywa na mama yangu mzazi, tena kwa haki.

Kama ningeishia hapo ningekuwa na kosa moja la kukueleza. Nilirudia. Nilijiambia nafanya hivyo kwa sababu anakula vizuri ukiwepo, na ni kweli anakula vizuri. Lakini pia nilikuwa nimeonja kupendwa namna ile, nikataka tena. Nikitoka kazini nanawa harufu ya kliniki, najipaka asumini, naingia, na yeye ananisimulia mambo ambayo sikuwahi kusimuliwa, mambo ya baba yetu alivyomposa, mambo ya woga wake siku uliyozaliwa. Nikawa nacheka kicheko chako kile cha puani. Nikawa hodari. Mpaka siku moja akaniuliza, huku akinipapasa mkono, mbona Pua haonekani, au amechoka naye? Akaniomba nikimwona nimwambie apumzike, asijisikie vibaya, yeye haelewi tu namna ya kumwambia asante. Nilitoka nikakaa jikoni juu ya ndoo, nikashindwa kuwasha jiko.

Siku iliyofuata nilinunua waridi. Nikaingia kama mimi, akanitambua, akanipa mkono. Nikamwambia nataka kukupigia simu, na kwamba kama kuna jambo lolote angependa kukuambia, hata la zamani, hata la harusi, nitamshikia simu aseme. Dada, Mama alitabasamu. Alisema hakuna. Alisema hayo mlishayamaliza, wewe mwenyewe ulikuja, akakuomba radhi, ukampa, na sasa analala vizuri. Nikamsihi kidogo. Akaniuliza kwa nini ninataka kufukua kitu ambacho wenyewe wamekwisha kukizika.

Hayo ndiyo majuto yangu, na ndiyo jibu la swali lako. Ndiyo, Mama amesema neno. Amelisema lote, kwa machozi, bila kujitetea. Na hatalisema tena, kwa sababu yeye anajua ameshalisema na ameshajibiwa. Neno ulilolingoja miaka yote, ukalea watoto ukilingoja, ukakanda unga ukilingoja, nimelipokea mimi kwa niaba yako bila kutumwa. Ulistahili kulisikia. Ulistahili hata kulikataa. Labda ungekaa kimya. Labda ungemwambia bado, na ungekuwa na haki yako. Nimekunyima hata hiyo bado yako, na kila nikikumbuka jinsi nilivyojibu haraka, ili tu chai isipoe na mikono isianguke, naona aibu hadi nasimama katikati ya chumba bila kujua nilichofuata.

Sitakuomba msamaha humu ndani. Nimeona jinsi neno hilo linavyotoka kwa urahisi mdomoni mwa mtu ambaye si lake. Nakuomba jambo moja tu. Kama hujamsamehe, usije ukamwambia yeye. Niambie mimi. Nipigie, nitukane, nililie, sitasingizia mtandao. Yeye mwache alale hivyo anavyolala.

Na kuna jingine. Siku aliyoniuliza mbona naondoka mapema, nilimwambia narudi kwa watoto ila nitakuja tena. Kwa hiyo ni mambo mawili niliyoyasema kwa kinywa chako. La kwanza siwezi tena kulirudisha. Hili la pili bado linaweza kuwa kweli. Sharti lako limetimia, Dada, limetimia vibaya, lakini limetimia. Najua asumini uliiacha kwa ajili ya kifua cha shemeji, na kwamba siku hizi unanukia mkate. Ukija hivyo hatakujua, na mimi sitakuwa na uso wa kumweleza. Kichupa nimekirudisha kwenye sanduku lako jana jioni, ndani ya soksi yake, na sitakigusa tena. Mwache shemeji huko na kifua chake, njoo peke yako, ujipake mwenyewe mlangoni, uingie. Mimi nitakuwa jikoni, na nitafunga mlango nisisikie.

Naishia hapa maana mkono umechoka na taa inafifia. Wasalimie wanangu, waambie mama yao mdogo anawapenda hata wakifeli hesabu. Shemeji mwambie asilale karibu na unga. Jirani aliyechukua cherehani anakusalimu, anasema inakwama kwenye kitambaa kizito.

Mama hakutumii salamu. Nilipomwambia nakuandikia, alishangaa, akaniuliza naharibu karatasi ya nini wakati jana tu ulikuwa hapa.

Ni mimi mdogo wako,

Pua